Zunguka Nyuma: Mwongozo wa Kutazama Sanamu na Chemchemi za Jiji Ambazo Hakuna Anayezitazama

Toa noti ya Kenya mfukoni, yoyote ya toleo la 2019, uitazame upande wa mbele. Jengo la KICC, jumba la mikutano ya kimataifa la Nairobi, unalijua. Sasa angalia mbele ya jengo: kuna mtu ameketi. Huyo ni Mzee Jomo Kenyatta wa shaba, na noti hizo zilipotoka, mwanaharakati Okiya Omtatah alikwenda mahakamani akisema sanamu ni sura ya mtu, na Kifungu cha 231(4) cha Katiba kinakataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa. Mahakama Kuu iliitupa kesi. Kama una noti ya Uganda ya toleo la 2010, itoe pia. Humo yumo mama wa Mnara wa Uhuru wa Kampala, amemwinua mtoto juu kwa mikono miwili.

Kazi hizi mbili zinapita mikononi mwa mamilioni ya watu kila siku, na ukiuliza sokoni nani alizitengeneza hutapata jibu. Mwongozo huu ni wa kazi za aina hiyo: sanamu, minara na chemchemi za kujengwa zilizowekwa mijini kwetu kati ya mwisho wa miaka ya 1930 na mwanzo wa miaka ya 1970. Hazijazeeka kiasi cha kuitwa mambo ya kale, na si mpya kiasi cha kupigwa selfi. Dedan Kimathi wa Kimathi Street (2007) na Tom Mboya wa Moi Avenue (2011) hawahitaji msaada wangu. Wana wageni wao. Hawa wa katikati tumewageuza alama za njia: “shukia pale kwa mnara”, “nakungoja pale kwa sanamu”. Mtu anaweza kumngojea mwenzake hapo miaka ishirini bila kuinua macho.

Matembezi yenyewe nimeyapanga Nairobi, katikati ya jiji, kwa miguu. Mombasa, Kampala na Dar es Salaam zitaingia pale zinapofundisha kitu ambacho Nairobi haina.

Hatua ya kwanza: chagua saa kabla ya kuchagua mahali

Nenda Jumapili asubuhi. Magari ni machache, wachuuzi hawajajaza njia, na unaweza kusimama katikati ya kisiwa cha barabara bila boda kukupigia honi.

Sababu kubwa zaidi ni jua. Nairobi na Kampala ziko karibu sana na ikweta, kwa hiyo saa sita mchana jua liko utosini. Paji la uso wa sanamu hutupa kivuli kinachomeza macho, pua hutupa kivuli kinachomeza mdomo, na mchongaji aliyehangaika miezi na sura hiyo anaonekana hajui kazi. Saa mbili au saa tatu asubuhi mwanga unakuja kwa ubavu na kila mkunjo wa nguo unajitokeza. Jioni kuanzia saa kumi ni vivyo hivyo, ila upande mwingine, na ndiyo maana sanamu moja inastahili kuonwa mara mbili.

Kuna jambo jingine ambalo wapiga picha wazuri wanalijua. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Septemba, jua la mchana Nairobi linapita upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki linapita kusini. Sanamu inayotazama kaskazini ina uso wenye mwanga mwezi wa Juni na uso wenye giza mwezi wa Desemba. Kwa hiyo kabla hujasema sanamu ni mbaya, jua ni mwezi gani. Na mawingu ya Julai, yale ambayo Wanairobi huyalaani, ni mwanga bora kabisa kwa shaba: hayana kivuli kikali, na rangi zote za chuma zinaonekana.

Beba daftari, maji ya kunywa, simu yenye tochi, na sumaku ndogo. Sumaku ya mlango wa friji inatosha. Tutaitumia.

Hatua ya pili: anza na kitu kidogo

Usianzie KICC. Anzia pembeni mwa Kenyatta Avenue inapokutana na Koinange Street, penye mnara wa jiwe wa Galton-Fenzi, wa mwaka 1939. Lionel Douglas Galton-Fenzi ndiye aliyeanzisha chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, na mwaka 1926 aliendesha gari kutoka Nairobi hadi Mombasa kabla ya kuwepo barabara ya kustahili jina hilo. Mnara wake unaonyesha umbali wa miji ya mbali.

Kaa hapo dakika kumi. Soma kila jina na kila umbali. Jiulize: ni miji gani imetajwa, na ipi imeachwa? Ramani iliyo kichwani mwa mtu wa 1939 mwenye gari haikuwa ramani ya mtu wa Kibera au wa Machakos. Ni orodha ya mahali ambapo watu fulani walitaka kwenda, na ukiisoma hivyo jiwe linaanza kuongea.

Wengi wanaamini kwamba hapo ndipo umbali wote wa Kenya unapimwa kuanzia. Tembea mtaa huohuo hadi Uhuru Highway, ufike jengo la zamani la Mkuu wa Mkoa la mwaka 1913, ambalo leo ni Nairobi Gallery, nao watakwambia sifuri iko kwao. Mimi sioni haja ya kuamua ugomvi huu. Jiji lenye sifuri mbili lina maana yake.

Kwenye Kenyatta Avenue hiyohiyo kuna sanamu ya watu watatu wa shaba, kumbukumbu ya Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika Vita Vikuu vya Kwanza. Ni ya 1928, kazi ya James Alexander Stevenson, kwa hiyo imetangulia kipindi chetu. Itazame hata hivyo, maana utaihitaji kwa kulinganisha: hivi ndivyo shaba ilivyofanywa kabla, watu wamesimama wima, vifaa vyote vimeonyeshwa hadi kamba ya mwisho. Waliokuja baadaye walikuwa wanaikimbia namna hii ya kufanya kazi.

Hatua ya tatu: zunguka nyuma

Kama utafuata hatua moja tu katika mwongozo huu, iwe hii.

Shuka Wabera Street hadi City Hall Way, uingie uwanja wa KICC. Jengo lilichorwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na David Mutiso, likaanza kujengwa 1967 likiwa limekusudiwa kuwa makao makuu ya KANU. Mkutano wa Benki ya Dunia na IMF ulipopangwa kufanyika Nairobi mwaka 1973, mpango ukakua hadi kufikia ghorofa 28. Sanamu ya Mzee iliwekwa mwaka huo wa 1973, kazi ya Mwingereza James Butler, imeketi juu ya kitako kirefu (msingi wa kuwekea sanamu) na maji chini yake.

Kila mtu humpiga picha Mzee kutoka mbele, jengo likiwa nyuma yake, kama ilivyo kwenye noti. Wewe usipige picha kwanza. Simama mbali, mahali ambapo sanamu na jengo vinaonekana pamoja, uangalie jinsi mtu aliyeketi anavyojaribu kushindana na mnara wa mita 105 na kile chumba cha mkutano chenye paa la pia. Mtu aliyesimama angeonekana kijiti. Aliyeketi ana upana, na upana ndio unaomwokoa. Hilo ni uamuzi wa mchongaji, na ni uamuzi mzuri.

Kisha anza kuzunguka polepole. Kila baada ya hatua chache simama uangalie mstari wa nje wa sanamu, yaani pale shaba inapokutana na anga. Unabadilika vipi? Kwa sanamu dhaifu, mbele kumefanyiwa kazi na nyuma ni gunia. Kwa sanamu nzuri, mgongo una habari: mabega yamechoka au yana nguvu, kitambaa kinashuka kwa uzito. Angalia mikono imeshika nini na imeshika vipi. Angalia miguu, maana wachongaji wengi huchoka wakifika miguuni. Inama uone chini ya kiti.

Halafu fanya jambo ambalo watu hulisahau: simama mgongoni mwa sanamu utazame inakotazama yenyewe. Mzee anaona nini? Nani alipanga aone hicho? Mwaka 1973 aliona nini? Sanamu haijasogea, jiji limesogea.

Sasa piga picha.

Hatua ya nne: jua imetengenezwa kwa kitu gani

Hapa ndipo sumaku inapotoka mfukoni, na hapa ndipo watu wengi hugundua kwamba walikuwa wanaangalia bila kuona.

Shaba haishikwi na sumaku. Alumini pia haishikwi. Chuma na feleji nyingi hushikwa. Kigae, jiwe na zege hazishikwi, isipokuwa nondo iko karibu sana na uso, na hapo pia umepata habari: zege ni jembamba mahali hapo, na maji yataifikia nondo kabla ya muda mrefu.

Shaba haichongwi kama mbao. Mchongaji hufinyanga kwa udongo au plasta, kisha kalibu hutengenezwa, na shaba husubiwa ndani yake. Sanamu kubwa husubiwa vipandevipande na kuchomelewa. Ndani ni wazi, na ukuta wake ni wa milimita chache tu. Pale unapofikia kwa mkono, gonga taratibu kwa kifundo cha kidole, utasikia. Kisha tafuta maungio: shingoni, kwenye kifundo cha mkono, kwenye pindo la nguo. Fundi hodari huyaficha ndani ya mkunjo. Ukiona mstari mwembamba wenye rangi tofauti kidogo, umempata fundi, si mchongaji. Ni watu wawili tofauti na wa pili huwa hatajwi.

Rangi ya shaba ni kumbukumbu ya mvua. Mahali mvua inapopiga huwa na utando wa kijani au michirizi myeupe. Mahali palipojificha hubaki peusi. Na pale panapong’aa kama dhahabu ni pale mikono ya watu inapopita. Katika sanamu yoyote iliyo karibu na ardhi, tafuta doa hilo la dhahabu. Litakuonyesha watu wanapenda kushika nini, na mara nyingi ni goti la mtu au pua ya mnyama.

Zege lina hadithi nyingine. Lilipendwa sana miaka ya 1950 na 1960 kwa sababu lilikuwa rahisi kupata, halikuhitaji kiwanda cha kusubu, na lilionekana la kisasa. Tafuta alama za mbao za fomu zilizoshikilia zege bichi. Wasanii wengi waliziacha makusudi. Adui wa zege ni nondo yake mwenyewe. Maji yakiifikia, nondo hupata kutu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, na zege hupasuka kutoka ndani. Ukiona mchirizi wa kahawia unatoka kwenye ufa, kazi hiyo inaumwa. Ukiona saruji mpya imepakwa juu ya ufa huo bila nondo kusafishwa, kazi inaumwa na imefungwa bandeji.

Halafu kuna rangi. Kaunti zetu zina mapenzi makubwa na rangi ya mafuta. Mahali rangi imebanduka utaona tabaka chini yake, moja kwa kila sikukuu ya taifa au kila gavana. Hesabu tabaka kwa macho. Usibandue mwenyewe.

Kwa alumini, nenda Mombasa, Mapembeni. Pembe zile nne kubwa, mfano wa pembe za ndovu, zinazopishana juu ya Moi Avenue ziliwekwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ziara za kifalme kutoka Uingereza, na watalii wote huzipiga picha zikiwa herufi ya M. Wewe ziendee miguuni. Utaona ni mabati yaliyounganishwa, na utaona maungio yake. Kwa nini alumini? Hewa ya Mombasa ina chumvi inayokula chuma. Alumini ikikutana na hewa hujifunika yenyewe kwa tabaka jembamba gumu linalozuia kuliwa zaidi. Kitu kilichokusudiwa kupamba barabara kwa ajili ya wageni wachache kimebaki miaka zaidi ya sitini kwa sababu ya kemia hiyo. Nazipenda pembe hizi kuliko wanavyozipenda wasanii wenzangu, ambao huziita pambo la hoteli. Pambo gani la hoteli unaweza kulipitia chini na lori?

Hatua ya tano: soma chemchemi hata ikiwa kavu

Utakuta nyingi ni kavu. Usigeuke urudi nyumbani. Chemchemi kavu ni rahisi kuisoma kuliko yenye maji, kwa sababu mifupa yake iko nje.

Karibu na pembe za Mombasa, katika bustani ya Uhuru, kuna chemchemi yenye umbo la bara la Afrika. Nairobi, mbele ya Mahakama ya Juu, kuna ile ya kijana aliye uchi, iliyowekwa kumkumbuka wakili aliyeitwa Hamilton. Na kuna maji ya uwanja wa KICC. Chukua yoyote, ufuate mpangilio huu.

Tafuta kwanza mdomo wa bomba, yaani nozeli. Pima kwa hatua kutoka hapo hadi ukingo wa beseni. Upepo hupeperusha maji, kwa hiyo wabunifu kwa kawaida hawaruhusu maji yaruke juu kuliko umbali huo, ama sivyo wapita njia wanalowa na beseni linakauka. Ukishapima, simama ufikirie maji yamefika kimo hicho. Umeiona chemchemi ilivyokuwa siku ya kuzinduliwa, bila tone moja.

Kisha angalia mstari mweupe wa chumvi kwenye kuta za beseni. Huo ndio usawa wa maji wa zamani. Mistari ikiwa kadhaa, mmoja chini ya mwingine, maji yalikuwa yakishuka na kuachwa yashuke. Tafuta tundu la kufurikia, ambalo huwa kwenye usawa wa juu, na tundu la kutolea maji chini. Tafuta mfuniko wa chuma pembeni: chini yake ndiko pampu ilipo, au ilipokuwa. Watu hudhani chemchemi inamwaga maji ya jiji usiku na mchana. Hapana. Pampu huzungusha maji yaleyale, na boya, kama lile la tangi la choo, hufungulia maji mapya kidogo tu kufidia yaliyokauka na kupeperushwa.

Kwa hiyo kinachoua chemchemi mara nyingi ni pampu na umeme, si uhaba wa maji. Nozeli za shaba huibwa zikauzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara hiyo kwa miezi kadhaa baada ya minara ya umeme kuhujumiwa. Kama watu wanafungua boliti za mnara wa stima, nozeli ya chemchemi ni kitafunio.

Hata hivyo maji yana historia yake. Nairobi ya miaka ya 1950 ilikuwa imetoka kujenga bwawa la Sasumua huko Aberdare, na jiji lililoweza kurusha maji hewani kwa ajili ya macho lilikuwa linajigamba: tunayo ya kutosha. Leo maji mengi ya jiji yanatoka Ndakaini na mitaa ina ratiba ya mgao. Unapomwona mama akipita na mtungi wa lita ishirini kando ya beseni kavu la mapambo, usiharakishe kuhukumu upande wowote. Andika tu unachokiona.

Kuhusu umbo la Afrika la Mombasa: lizunguke lote, utafute mahali umbo linaposomeka na mahali linapopotea. Mara nyingi kazi za enzi hizo zilichorwa mezani, zikitazamwa kutoka juu, na mchoraji alisahau kwamba watu wake hawana mabawa.

Hatua ya sita: nani alitengeneza, na nani hakuitwa

Bamba la maandishi litakwambia nani alizindua. Waziri au Rais ataandikwa kwa herufi kubwa. Jina la mchongaji litafute kwenyewe, chini kabisa, nyuma, karibu na kisigino au kwenye ukingo wa kitako, mara nyingi likiwa limechorwa kwenye udongo kabla ya kusubiwa. Hapa tochi ya simu husaidia: iweke kwa ubavu, mwanga upite juu ya uso wa chuma, na herufi zilizofifia zitatoka.

Kisha linganisha. Mfano wangu ni zile noti mbili.

Mnara wa Uhuru wa Kampala ulitengenezwa 1962 na Gregory Maloba, Mkenya aliyezaliwa 1922 upande wa Mumias. Mwalimu Mwingereza Margaret Trowell alikuwa ameanza kufundisha sanaa barazani kwake Kampala mwaka 1937, na Maloba alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wa mwanzo, kisha akawa mwalimu wa sanaa Makerere. Uganda ilipohitaji sanamu ya uhuru, ilimpa yeye. Nenda ukaione karibu na hoteli ya Sheraton, na uizunguke kama nilivyosema. Ni zege. Mama ameviringishwa nguo mwili mzima, kama mtu aliyefungwa akaanza kufunguliwa, na ukifuata mikunjo ile kutoka miguuni kwenda juu unaona inalegea kadiri inavyopanda, hadi mikono iko huru kabisa na mtoto ameinuliwa. Hakuna kiongozi ndani yake. Hakuna uso wa mtu unayemjua. Ndiyo maana serikali zote zilizofuata, nazo zimekuwa nyingi na hazikupendana, zimeiacha pale pale.

Miaka kumi na moja baadaye Kenya iliweka sanamu yake kubwa, na ikamwita mchongaji kutoka Uingereza. Butler alikuwa fundi kweli. Ndiye aliyetengeneza baadaye, 1980, sanamu ya Richard III iliyoko Leicester. Sina ugomvi na shaba yake. Lakini Maloba, Mkenya aliyekuwa ameipa Uganda uhuru wake wa zege, alifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka uwanja ule. Ukisimama mbele ya Mzee ukiwa na jambo hilo kichwani, unaona sanamu mbili: iliyopo na ambayo haikuagizwa.

Hatua ya saba: tazama pasipo na kitu

Kenyatta Avenue ilipokuwa Delamere Avenue, Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, alikuwepo hapo kwa shaba, kazi ya Kathleen Scott. Uhuru ulipokuja akaondolewa, akapelekwa kwa familia yake Soysambu, karibu na Ziwa Elementaita. Malkia Victoria wa Jeevanjee Gardens alibaki hadi 2015, alipoangushwa na kuvunjwa. Dar es Salaam, mahali alipo askari wa shaba wa Samora Avenue tangu 1927, palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza waliing’oa, ikaenda Hamburg, na huko wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Ukimaliza kumwona yule askari, fuata Samora Avenue hadi mwisho ufike Mnara wa Saa, uliojengwa 1961 Dar ilipopata hadhi ya jiji. Ni mnara mnyoofu usio na mtu juu yake, na baada ya Wissmann na askari wenye bunduki, mnara usiomtukuza mtu ni pumziko.

Zoea kutafuta vitako vitupu, visiwa vya barabara vilivyo vikubwa kuliko inavyohitajika, na bustani ambazo njia zake zote zinakutana mahali pasipo na kitu. Njia hazikutani bure.

Hatua ya nane: askari, kanjo na wapiga picha

Nyumba za Bunge na kaburi la Mzee Kenyatta usizipige picha. Utajieleza kwa muda mrefu. KICC uliza kwanza. “Habari ya kazi, afande. Naandika habari za hii sanamu, naweza kuizunguka?” hufungua njia zaidi ya kamera kubwa shingoni. Kamera yenye miguu mitatu humvuta kanjo, yaani askari wa kaunti, naye atataka kibali.

Wapiga picha wa uwanjani, wale wanaokuchapishia papo hapo, ndio wanaojua. Mzee aliyepiga picha hapo miongo mitatu anajua maji yaliacha kutoka lini, nani alipaka rangi, na sanamu hupigwa picha upande gani. Nunua picha kwake kabla ya kuuliza. Ni haki yake, ameacha kazi kukuhudumia.

Hatua ya tisa: maktaba

Rudi Wabera Street, uifuate upande wa pili wa Kenyatta Avenue hadi McMillan Library, ya mwaka 1931, yenye simba wawili mlangoni. Humo mna magazeti ya zamani. Mbinu ni moja: ukiwa na tarehe ya uzinduzi kutoka kwenye bamba, omba gazeti la siku iliyofuata. Utapata picha, hotuba, na mara nyingi gharama. Kisha omba la mwezi mmoja kabla, usome barua za wasomaji. Wanaolalamika kuhusu pesa za mapambo walikuwepo tangu zamani na wanaandika vizuri sana. Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, kwenye Moi Avenue, iko ndani ya iliyokuwa Bank of India. Jisajili, uombe mafaili ya halmashauri ya jiji.

Hatua ya kumi: acha rekodi

Kwa kila kazi andika mahali ilipo, mwaka, mchongaji, vifaa, hali yake siku ile, na inatazama upande gani. Piga picha nne za pande nne, moja ya bamba, moja ya kila ufa. Weka sarafu kando ya ufa kabla ya kupiga, ili atakayekuja mwaka ujao ajue umepanuka kiasi gani. Pandisha picha mahali pa wazi mtandaoni zikiwa na tarehe, maana picha isiyo na tarehe haimsaidii fundi.

Ukiona nondo iko nje au nozeli imeng’olewa, andikia kaunti barua yenye picha hizo, ukitaja mahali hasa na siku uliyoona. Na kama kazi inastahili ulinzi wa kudumu, Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inampa waziri uwezo wa kuitangaza kuwa mnara wa taifa katika gazeti rasmi la serikali. Pendekezo lako lipeleke Makumbusho ya Taifa, likiwa na zile picha za pande nne, nakala ya gazeti la uzinduzi, na jina la mchongaji likiwa limeandikwa sawasawa.